Kudumu kwa vitu: bangili iliyo chini ya leso

Mkalishe mtoto wa miezi mitano mkekani, mwonyeshe bangili. Anainyoshea mkono. Kabla hajaifikia, ifunike kwa leso huku anaona. Mkono unarudi, uso unageukia kwengine, basi. Nyumba nyingi za Mombasa utasikia mtu akisema, "Huyo kashasahau." Lakini huenda hakusahau chochote. Huenda kwake bangili haipo tena.

Kujua kwamba kitu kisichoonekana bado kipo ndiko kunakoitwa kudumu kwa vitu. Tuktuk ikikata kona kuingia Mji wa Kale, hakuna mtu mzima anayedhani imeyeyuka. Mtoto mchanga inambidi alijue hilo polepole.

Dhana hii ilielezwa na Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliyewachezesha wanawe watatu michezo ya kuficha vitu huku akiandika anachokiona. Kwa maoni yake, mtoto huanza kutafuta kilichofichwa akiwa na miezi 8 hivi. Mwaka 1987 Renée Baillargeon, huko Marekani, alitazama macho badala ya mikono. Watoto wa miezi minne na nusu waliuona ubao ukilala chali kana kwamba umepenya sanduku lililokuwa nyuma yake, nao wakaukodolea macho muda mrefu kuliko uliposimama ulipopaswa kusimama. Basi labda mtoto anajua mapema, ila mikono yake bado haijui kwamba ukivuta nguo utapata kilicho chini yake. Mimi naegemea hapo.

Utamu wenyewe uko baada ya miezi 8. Tandika leso mbili, moja nyekundu na moja ya manjano. Ficha bangili chini ya nyekundu mara mbili tatu, ataifunua na kucheka. Kisha ipeleke chini ya manjano, naye anakutazama. Wengi watarudi kuivuta ile nyekundu! Si ujinga, na kwa kawaida huisha anapotimiza mwaka.

Kwa mdogo zaidi, ficha nusu tu, bangili ichungulie. Au jifunike uso mwenyewe kwa leso, uulize, "Mama yuko wapi?", halafu uifunue: "Huyu hapa!" Usimfunike yeye uso, na usitumie shanga wala sarafu, atazimeza.

Miezi hiyohiyo ndipo kilio cha mlangoni huanza. Mtoto aliyekuwa akipakatwa na yeyote sasa akiona tu buibui linateremshwa kwenye msumari, analia. Nyanya atasema amedekezwa. Sivyo: amekwishajua kwamba mama yupo mahali fulani, na mahali hapo si hapa. Wengi huamua kunyata na kumtoroka. Mimi naona heri umuage, umwambie "Narudi", hata akizidisha kilio, kwani akigeuka akukose ghafla atashinda akiutazama mlango.