Tiba mseto ya saratani si dawa zote kwa mkupuo mmoja

Mara nyingi mno nimesikia tiba mseto ya saratani, yaani kutumia dawa au tiba zaidi ya moja kwa mgonjwa mmoja, ikielezwa kuwa ni kumpa dawa zote siku moja, na modeli ya kihisabati ikitajwa kama chombo cha kubashiri nani atapona. Sivyo. Modeli hiyo ni milinganyo inayokadiria jinsi seli za uvimbe zinavyoongezeka, zinavyouawa na kila tiba na zinavyoota upya katikati ya dozi, ili ratiba mbalimbali zilinganishwe kabla ya kujaribiwa kwa wagonjwa.

Kinachopotosha zaidi ni neno mseto lenyewe. Limetokana na kitenzi seta, yaani kuponda vitu pamoja mpaka visitambulike kimoja kimoja, ilhali katika tiba hii kila dawa hubaki na zamu yake. Chukua dawa inayosimamisha mgawanyiko wa seli na nyingine inayoua seli zinazogawanyika: ya kwanza ikitangulia, huweza kuzikinga seli zile zile ambazo ya pili ilikusudiwa kuziua. Dawa hazikubadilika wala dozi hazikupungua. Kilichoharibu kazi ni mpangilio.

Nafasi kati ya dozi nayo ina uzito wake. Mwaka 1964 mtafiti Skipper na wenzake, wakichunguza panya wenye lukemia (saratani ya damu), walieleza kuwa dozi huua sehemu ile ile ya seli, si idadi ile ile. Dozi inayoua asilimia 99.9 ya seli bilioni moja, yaani uvimbe wa takriban sentimita moja, huacha seli milioni moja, nazo huendelea kugawanyika siku zile zile ambazo uboho wa mgonjwa unajijenga upya. Watafiti Norton na Simon wakaongeza mwaka 1977 kwamba uvimbe uliobaki mdogo hukua kwa kasi kubwa zaidi kulingana na ukubwa wake, hivyo kungoja mno ni kuupa nafasi. Jaribio la saratani ya matiti lililochapishwa mwaka 2003 lilionyesha kuwa dozi za kila wiki 2, badala ya 3, ziliwaongezea wagonjwa maisha, huku dawa nyingine ikichochea chembe nyeupe za damu zijirudie haraka. Tena, kutoa dawa moja baada ya nyingine hakukuwa duni kuliko kutoa mbili kwa pamoja.

Basi mgonjwa aliyemaliza dawa ya kwanza na anayesubiri tarehe ya pili, tusiseme kwamba tiba mseto yake bado haijaanza. Yumo ndani yake tayari.