Plazima na hili jina la "gesi ya moto"

Kila ikitoka habari ya shimo jeusi lazima mtu aandike kwamba plazima ni gesi iliyopata moto kupita kiasi, basi, na watu wanabeba hivyo hivyo. Jamani, hapana. Plazima ni mata ambayo elektroni zimebanduka kwenye atomu, chembe zenye chaji hasi na chanya zinazagaa kila moja kivyake. Joto ni njia mojawapo tu ya kufika huko, mwanga mkali nao unabandua elektroni, na karibu na pulsa (kiini kidogo kizito cha nyota iliyokufa, kinachozunguka kwa kasi) hata atomu haihitajiki, sumaku ya pale ni kali kiasi kwamba fotoni za gama, yaani chembe za mwanga wenye nishati kubwa mno, zinageuka kuwa jozi za elektroni na positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya).

Ila joto naweza kulivumilia, linaloniudhi hasa ni hilo neno gesi. Chembe za gesi ya kawaida ni kama watu gizani, hujui mwenzako yupo mpaka mgongane, na ni huko kugongana ndiko kunakosambaza joto likawa sawa kwa wote. Kwenye plazima chembe zinavutana na kusukumana kwa mbali, kupitia umeme na sumaku. Chukua lile shimo jeusi la galaksi ya M87 tulilooneshwa picha yake 2019: plazima inayolizunguka ni nyepesi mno, yaani protoni inazama shimoni kabla haijagongana na elektroni vya kutosha kugawana joto, kwa hiyo protoni zina joto lao na elektroni zina lao, sehemu ile ile, wakati ule ule. Na mwanga wa ile picha ulitoka kwa elektroni zinazozunguka kwenye sumaku, protoni hazionekani kabisa, joto lao watafiti wanalikadiria kwa kuiga mwendo wa plazima kwenye kompyuta.

Halafu kuna Nebula ya Kaa, wingu la mabaki ya nyota iliyolipuka, lenye pulsa katikati. Aprili 2011 ililipuka kwa miale ya gama siku kadhaa, mwanga ukipanda na kushuka ndani ya masaa, na migongano haiwezi kuzipa chembe kasi ya namna ile. Wengi wanaona ni mistari ya sumaku iliyokatika ikaungana upya na kuzirusha.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukitaka kuandika kwamba gesi yenye joto la nyuzi bilioni kadhaa inalizunguka shimo jeusi, andika plazima, halafu taja hilo joto ni la elektroni au la protoni.