Gemu la mpira, Fantasy na mwanao: kamari inaanzia wapi?

Kila Ligi Kuu ya Uingereza inapofunguliwa mwezi Agosti, malalamiko tunayoyapokea sisi wakaguzi wa michezo ya kubahatisha ni yale yale. Mzazi mmoja anapiga simu kwa hofu: mwanawe wa darasa la sita "anabeti". Ukimuuliza anabeti wapi, anakutajia Fantasy, mchezo wa mtandaoni wa kujipangia timu ya wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanavyocheza. Mwingine anapiga wiki hiyo hiyo, kuhusu mtoto hana wasiwasi hata kidogo, ila kuna hela zimekatwa kwenye simu yake na anataka zirudi leo leo. Kwa kawaida huyu wa pili ndiye tunayemkalisha chini.

Wakaguzi tuna maswali matatu. Mchezaji ameweka dau? Matokeo yanategemea bahati, hata kwa sehemu? Kuna zawadi yenye thamani? Majibu yote yakiwa ndiyo, hiyo ni kamari, iwe kwenye mashine, kwenye simu au kwa karata chini ya mwembe, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kushiriki. Ridhaa ya mzazi haibadilishi kitu. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaouliza kama wanaweza kumwandikia mtoto barua ya ruhusa. Hapana.

Sasa ipime Fantasy rasmi ya ligi hiyo. Kujiunga ni bure. Mtoto anapewa pauni milioni 100 za kufikirika, anasajili wachezaji 15, wasizidi watatu wa klabu moja, kisha anamteua nahodha ambaye pointi zake huhesabiwa mara mbili. Dau liko wapi? Mtoto wa miaka 12 anayepiga hesabu amuuze beki yupi ili apate mshambuliaji anafanya kazi ambayo kwenye daftari angeikimbia. Mambo hubadilika pale watoto kumi wanapochanga elfu mbili mbili, atakayeongoza mwisho wa msimu abebe zote. Programu ni ile ile, lakini dau limeingia, na mtu mzima anayewashikia hizo hela, awe kaka au mwalimu wa michezo, anaweza kujikuta akieleza kwa nini anaendesha mchezo bila leseni.

Gemu la FIFA nalo (tangu 2023 linaitwa EA Sports FC, lakini mtaani nani anajali) si kamari kwa kuwa tu mtoto amelipia muda kibandani. Kucheza mechi ni ustadi. Kinachotusumbua ni kibanda chenye televisheni mbili za gemu na dubwi, ile mashine ya kamari ya sarafu, kwenye kona: chenji ya mia mbili iliyobaki inaishia humo. Mwenye kibanda asitwambie hakumwona.

Halafu kuna pakiti za Ultimate Team, sehemu ya gemu hilo la FIFA ambako unajenga timu kwa kadi za wachezaji. Unatoa hela halisi bila kujua utaangukiwa na mchezaji gani. Mwaka 2018 mdhibiti wa kamari wa Ubelgiji aliziita kamari, na Januari 2019 EA, kampuni inayotengeneza gemu hilo, ikaacha kuuza huko pointi za kununulia pakiti hizo. Hapa sitatoa uamuzi. Swali la zawadi ndilo gumu, maana kadi ya mchezaji haibadilishwi rasmi kuwa fedha. Lakini weka simu yako idai nywila kwa kila manunuzi.

Tuje kwa yule wa hela zilizokatwa. Laini imesajiliwa kwa alama zako za vidole. Akaunti ya kubeti imefunguliwa kwa namba hiyo, na muamala umethibitishwa kwa namba yako ya siri, ambayo mtoto aliijua kwa sababu huwa unamtuma atoe hela kwa wakala. Kwenye mfumo, aliyebeti ni wewe. Usifute meseji za muamala. Mwandikie kwanza kampuni husika, utaje namba ya simu, tarehe, saa na kiasi, na uombe akaunti ifungwe. Usiporidhika ndipo ulete lalamiko kwa mdhibiti, ukiambatisha jibu ulilopewa. Ukija bila jibu hilo utarudishwa, na si kwa ubaya.

Ujue pia kwamba Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009, kifungu cha 9, inamtaka mzazi amkinge mtoto na hatari za kimwili na kimaadili. Kifungu cha 14 kinaweka adhabu: faini isiyozidi shilingi milioni tano, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Sijasema kila mzazi wa mtoto mwenye FIFA atashtakiwa. Tafadhali msiisambaze hivyo kwenye magrupu.

Baba mmoja alikuja kumlalamikia mwanawe wa miaka 13 kwa kubeti kwa simu yake. Katika maelezo ikabainika kuwa kwa misimu miwili, kila Jumamosi, kijana ndiye aliyekuwa akimchagulia baba timu za kuweka kwenye mkeka, kwa kuwa "anawajua wachezaji". Baba akasema hilo ni jambo jingine. Tuliliandika kwenye fomu ile ile.