Mnara si lazima uwe wa mtandao unaoutumia

Wengi wakiuona mnara wa simu husema, "Huo wa Voda," au "Huo wa Airtel." Mara nyingi si kweli. Vodacom Tanzania iliuza minara yake kwa Helios Towers, kampuni ya kumiliki minara, mwaka 2013, na mwaka 2021 Airtel ikakubali kuuza ya kwake ya Tanzania kwa ubia ulioongozwa na SBA, kampuni ya minara ya Marekani. Siku hizi kampuni nyingi za simu ni wapangaji. Mwenye mnara hushughulika na chuma, kodi ya kiwanja, jenereta, betri na mlinzi. Kampuni ya simu hufunga antena na mitambo yake ya redio, na leseni ya masafa hubaki mikononi mwake. Ndiyo maana mnara mmoja huweza kubeba mitandao mitatu, na umeme ukikatika pale jenereta nayo ikagoma, yote mitatu hupotea kwa mpigo. (Kubadilisha laini hapo ni kujisumbua tu.) Hata fundi anayepanda juu huenda ameajiriwa na mkandarasi. Ila lawama hazikuuzwa: mbele ya TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano Tanzania, anayejibu kuhusu huduma yako ni mwenye leseni, hata kama dizeli iliyoisha ilikuwa ya mwingine.