Ua Lisilochumwa: Kulizunguka Ziwa Ellis kwa Miguu

Hapa Lamu ua halikai mtini likazeeka. Asumini huchumwa alasiri ikiwa bado imefumba, ikatungwa pamoja na waridi, rehani na mkadi, na baada ya isha kikuba kinanukia kifuani pa mwenyewe. Tumelelewa hivyo: kulipenda ua ni kulivaa. Kwa hiyo sikushangaa kikundi cha walimu na vijana wa Langoni kilipokuja ofisini kuulizia safari ya Mlima Kenya, na swali la kwanza la mama mmoja likawa, "Mwanangu, hayo maua ya huko juu yatafika Lamu yangali mabichi?"

Nilimwambia hayachumwi. Sheria ya hifadhi inakataza, ila sheria ni jibu fupi. Jibu refu ni maisha ya ua lenyewe, nayo ndiyo ninayoyaandika hapa kwa ajili yake na kwa wengine wanaojiandaa kupanda.

Ziwa tulilowapendekezea ni Ellis, upande wa mashariki wa mlima, kwa njia ya Chogoria. Liko karibu mita 3,500 juu ya usawa wa bahari, uwandani, pasipo mti mrefu wa kulikinga na upepo. Kilele cha Batian, kilicho juu kuliko vyote mlimani, kina mita 5,199, kwa hiyo ziwani mko chini sana ya kilele wala hamhitaji kamba. Mnatembea tu, na hata mwenda pole hulizunguka asubuhi moja. Atakayebaki na nguvu anaweza kuendelea na kiongozi wa njia mpaka Ziwa Michaelson, lililo ndani ya bonde chini ya jabali kubwa liitwalo The Temple. Bonde lile lilichongwa na barafu nene ya zama za kale, na barafu ilipoyeyuka maji yakatuama. Mto Nithi hupita humo, maji yake huishia Tana, na Tana, kama tunavyojua sote, hutokea baharini Kipini. Wakulima wa mpunga wa Ozi wanakula kwa neema ya mlima ambao wengi wao hawajauona.

Sasa maua. Ili kuyaelewa, ukumbuke kwanza mikoko yetu. Mkoko unaishi kati ya maji kujaa na kupwa: mara mbili kwa siku umezama kwenye chumvi, mara mbili umebaki wazi juani. Mchu, mmoja wa mikoko hiyo, ukajifunza kuitoa chumvi kwa majani yake. Ukiramba jani lake utaionja. Mimea ya huko juu nayo ina kujaa na kupwa kwake, ila yake ni ya jua na baridi. Mlima upo jirani kabisa na ikweta, hivyo mchana jua linachoma mwaka mzima, na usiku sakitu, yaani umande ulioganda, inatanda mwaka mzima. Ulaya mmea hupewa miezi ya kujiandaa kwa baridi. Mmea wa Mlima Kenya hupewa saa chache za jioni.

Tazameni lobelia kubwa iotayo kwenye sehemu zenye majimaji, ile ambayo wataalamu wa mimea huiita Lobelia keniensis. Majani yake yamepangika duara kama bakuli, na bakuli hilo hujaa maji. Usiku maji ya juu huganda yakawa kifuniko cha barafu, ya chini yakabaki maji, na chipukizi lililo katikati likalala humo salama. Asubuhi mkifika mapema mtaiona barafu ile ikiwa nyembamba kama kioo cha taa. Tafadhali msiivunje kwa kidole kuona iko vipi, wala msiyamwage yale maji. Nimewaona wageni wakifanya hivyo kwa furaha tu, bila kujua kwamba wameuvua mmea blanketi lake.

Mkiendelea kupanda kuelekea Michaelson, kwenye miteremko mikavu zaidi, mtakutana na ndugu yake, Lobelia telekii, iliyopewa jina la Sámuel Teleki, msafiri wa Hungaria aliyefika mlimani mwaka 1887. Lobelia hii ndiyo iliyonifanya nijibu swali la mama kwa kirefu. Shada lake huinuka kupita kimo cha mtu, limefunikwa na majani membamba yenye manyoya ya kijivu, na maua ya buluu yamejificha ndani ya manyoya hayo yasipigwe na baridi. Ukiliona kwa mbali utadhani ni mnyama aliyesimama wima. Mmea huu huishi miongo ya miaka ukiwa ni majani matupu yaliyokaa chini. Kisha huchanua mara moja, hutoa mbegu, ukafa. Hauna mara ya pili. Mtafiti Truman Young aliifuatilia mimea hii mlimani kwa miaka mingi, akaonyesha jinsi ndugu hawa wawili walivyochagua njia tofauti: keniensis huchanua, hupumzika miaka kadhaa, ikachanua tena, telekii hutoa yote iliyo nayo kwa safari moja. Anayekata shada la telekii amekata kazi ya umri wa mtu mzima, kabla mbegu hazijaanguka.

Asumini yetu huwaita nondo kwa harufu ya usiku. Huko juu usiku wadudu wa kuitwa ni haba, kwa maana baridi imewalaza. Mwenye kazi ni chozi, ndege mdogo wa kijani king'aacho na mwenye mkia mrefu, ambaye huja mchana kunywa asali ya lobelia na kubeba chavua kutoka shada hadi shada. Mkikaa kimya kando ya mmea uliochanua kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa, huenda akaja.

Kandokando ya ziwa Ellis mtaona pia maua meupe ya helikrisamu, makavu kama karatasi tangu yakiwa hai, yanayojifumba mawingu yakishuka. Mtaona vichaka vya erika vilivyovaa ndevu za ukoga. Juu zaidi kuna senesio, miti mizito yenye vichwa vya majani, inayokua sentimita chache tu kwa mwaka. Majani yake yakifa hayaanguki. Huning'inia na kulifunika shina kama koti. Zamani wapandaji waliyavua wakawashia moto. Shina lililovuliwa hubaki wazi, maji ndani yake huganda, na asubuhi jua linapowaka, majani ya juu hayapati maji. Moto ni adui mkubwa zaidi wa uwanda huu: ule wa 2012 na ule wa 2019 iliteketeza eneo kubwa. Kwa hiyo msiwashe kuni. Tumieni jiko la gesi, na hapo penye udongo mtupu, si penye nyasi.

Kufuata njia moja nako kuna sababu. Usiku maji yaliyomo udongoni huganda kama sindano na kuinua udongo; mchana huyeyuka, udongo ukaporomoka. Mbegu hushika mizizi kwa shida sana mahali palipokwisha kuvuliwa nyasi. Kundi la watu ishirini likitawanyika kila mmoja na njia yake ili apige picha nzuri, jeraha hilo huchukua miaka kupona. Fuataneni, hata kama njia ina tope.

Kuhusu mwili, naomba tusikilizane vizuri, maana sisi ni watu wa usawa wa bahari. Kwa kimo cha Ellis, kila pumzi inakupa karibu theluthi mbili tu ya oksijeni unayoipata hapa, na hewa ni baridi kuliko ya Lamu kwa nyuzi ishirini au zaidi. Msitoke pwani mkapitiliza hadi ziwani kwa pupa. Laleni mji wa Chogoria, usiku wa pili laleni karibu na lango la hifadhi, ambalo liko karibu mita 3,000, ndipo mpande. Mwende kama dau linavyobisha upepo, kwa kukata huku na huku, si kwa kuukabili mlima usoni. Kichwa kuuma kidogo na kukosa hamu ya chakula ni dalili ya kusimama, kunywa maji na kutopanda zaidi siku hiyo. Mtu akianza kuyumba, kuchanganyikiwa maneno, au kukohoa povu, ateremshwe papo hapo, hata ikiwa ni usiku. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu, na mama mjamzito, wamwone daktari kabla ya kukata tikiti ya basi.

Wakati mzuri ni Januari na Februari, kaskazi ikiwa imeshika, au Julai hadi Septemba. Nguo za sufu, koti la mvua, kofia ya masikio, na viatu vilivyokwisha kuvaliwa kitambo, si vipya. Kanzu na buibui zitahitaji suruali nzito ndani.

Mama yule nimempa daftari badala ya kikapu. Kila ua atakalokutana nalo ataandika rangi yake, kimo chake akilipima kwa fimbo, ameliona saa ngapi, na ni ndege au mdudu gani aliyekuwa juu yake. Wajukuu watachora. Wakirudi tutakaa nao ofisini, ukurasa baada ya ukurasa, tuyape majina. Wengine wanaopanga safari hiyo waje pia, madaftari yapo.