Modeli ya nitrati haijapima kisima chako

Ramani ya uchafuzi wa maji ikianza tu kuzunguka kwenye simu, hapa Arusha hakosi mtu wa kusema, "Mmeona? Visima vyetu vimepimwa, vina sumu ya mbolea." Havijapimwa. Vimekadiriwa kwa modeli.

Dhana ya modeli hiyo ni fupi. Urea ya kukuzia mahindi ikiingia udongoni, hugeuzwa hatua kwa hatua na bakteria hadi kuwa nitrati. Mmea huchukua sehemu yake. Inayobaki huyeyuka upesi, udongo mwingi hauishiki, na masika huishusha chini ya mizizi mpaka kwenye maji ya ardhini. Modeli ya eneo kubwa ni hesabu ya kompyuta inayokadiria safari hiyo kwa mkoa, nchi au bara zima: inalishwa takwimu za mbolea, mvua, udongo, mazao na kina cha maji, kisha inatoa ramani.

Watu huteleza hapo kwenye ramani. Imekatwa vipande vya mraba, mara nyingi kila upande una kilomita moja au zaidi, na kila kipande hupewa namba moja tu. Sasa chukua kilomita moja ya Tengeru: kuna mahindi, bustani ya nyanya, migomba inayopata samadi tu, na nyumba za kupanga zenye vyoo vya shimo. Choo kilicho hatua chache kutoka kisimani kinaweza kukitia nitrati nyingi kuliko shamba la jirani, lakini modeli iliyolishwa takwimu za mbolea peke yake haikioni. Waundaji wake hulinganisha hesabu zao na visima vilivyopimwa kweli. Penye visima vichache vya kulinganisha, rangi ya ramani ni ya kuchukuliwa kwa tahadhari. Halafu kuna muda: nitrati inaweza kuchukua miaka, hata makumi ya miaka, kufika chini, kwa hiyo kisima safi leo hakithibitishi kwamba modeli imekosea.

(Na meno ya kahawia tusiyaingize humu. Hayo ni ya floraidi, inayotoka kwenye miamba ya volkano ya Meru. Mbolea haihusiki.)

Anayetaka kujua ya kisima chake apeleke maji maabara, na akipewa majibu aulize namba imeandikwa kama nitrati nzima au kama nitrojeni ya nitrati, yaani nitrojeni peke yake iliyo ndani yake. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita ikihesabiwa nitrati, ambayo ni kama 11 ikihesabiwa nitrojeni. "12" kwenye karatasi inaweza kuwa salama au imepita. Kuchemsha maji hakuondoi nitrati, na wa kuangaliwa zaidi ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukiona wekundu umetanda kuanzia Usa River hadi Moshi, sema "huku nitrati inakadiriwa kuwa nyingi, tupime." Hiyo ya "visima vyetu vimepimwa" iache kwanza.