Hiyo si friji mbovu: uongo tunaoambizana kuhusu sinthesaiza za nyumbani

Bibi yangu alipanda ngazi siku moja baada ya alasiri, akasimama mlangoni mkono kiunoni akaniuliza, "Mume wangu, hiyo friji ina nini leo?" Friji ilikuwa haina kitu. Ilikuwa sinthi yangu, yaani sinthesaiza, kifaa cha kutengeneza sauti kwa umeme, imeshika noti mbili tangu saa nane, filta inayochuja sauti inafunguka na kujifunga polepole, na mi nimekaa zangu mkekani nasikiliza tu. Nikamwambia huu ni muziki bibi, akacheka mpaka akashika ukuta. Simlaumu wallahi. Ila kuna maneno mengine nayasikia hapa Lamu, barazani na kwa vijana wanaonitumia meseji wakitaka kuanza, hayo si ya kuchekea manake yanawafanya watu wanunue vitu visivyo na kazi au waache kabla hata hawajaanza.

La kwanza na ndo linaloniudhi zaidi: eti mashine inajipiga yenyewe, we kazi yako kuwasha. Yakhe, washa uone. Sinthi ukiitoa kwenye boksi na kugusa kibonyezo inakupa sauti kavu kama honi ya bodaboda, inaanza papo hapo na kukatika papo hapo. Kuanzia hapo kila kitu ni mkono wako. Kuna kitu kinaitwa envelopu, kinaamua sauti iingie vipi na itoke vipi, sasa ukiweka ule mwanzo wake uchukue sekunde nne badala ya kuanza kwa kishindo, sauti inaingia chumbani kama mtu aliyevua viatu mlangoni. Halafu unachukua osileta mbili, zile sehemu za sinthi zinazozaa sauti yenyewe, moja unaiacha kwenye 220 Hz, yaani mitetemo 220 kwa sekunde, na nyingine unaisukuma kidogo tu hadi 220.5, zinaanza kupishana na sauti inapanda na kushuka mara moja kila sekunde mbili bila wewe kugusa kitu. Ukizidisha ile tofauti ikafika 5 Hz unapata mtetemo wa haraka unaochosha kichwa. Hiyo nusu Hz uliichagua we mwenyewe kwa sikio, hakuna mashine iliyokuchagulia.

Na LFO, ambayo watu wanaiogopa kwa jina tu, ni maji kujaa na kupwa basi. Ukikaa gatini ukiyatizama maji huoni yakipanda, ila ukienda kunywa kahawa ukarudi unakuta mashua iliyokuwa imelala ubavu imeshaelea. LFO ni wimbi la polepole ambalo sikio halilisikii lenyewe, linasikia kile linachokisogeza. Liweke kwenye 0.1 Hz, yaani mzunguko mmoja kila sekunde kumi, liunganishe na filta, hapo ndo bibi anaposikia friji.

Kuna kundi jingine linasema lazima iwe analogi, inayotumia mkondo wa umeme tu bila hesabu za kompyuta, dijitali haina roho. Hawa mara nyingi hawajawahi kushika hata moja, wamesikia tu. Ni kweli Robert Moog, mtengenezaji wa sinthi, alianza na za analogi mwaka 1964 huko Marekani, na Minimoog ya 1970 sauti yake ya besi mpaka leo watu wanaifukuzia. Lakini DX7 ya Yamaha iliyotoka 1983 ni dijitali mwanzo mwisho, inatengeneza sauti kwa hesabu za FM, wimbi moja likitikisa jingine, na Brian Eno mwenyewe, huyu aliyelipa jina la "ambient" kundi zima la huu muziki wa sauti ndefu za polepole mwaka 1978, alikuwa mpenzi wake mkubwa na akakaa nayo miaka. Zile sauti za kioo na kengele zinazoning'inia hewani, analogi inahangaika sana kuzipata. We sikiliza kinachotoka kwenye spika, usisikilize lebo.

MIDI nayo, kwa ufupi manake hili ni jepesi: haibebi sauti. Kuna kijana aliniletea malalamiko kwamba amenunua kebo ya MIDI, amechomeka kwenye sinthi na upande wa pili kwenye mashine ya kurekodia, hasikii kitu, akadhani ameuziwa mbovu. MIDI ni maagizo tu, bonyeza noti hii, kwa nguvu hii, achia. Sauti inapita kwenye kebo yake nyingine. Ilianza 1983 na mpaka leo vifaa vya makampuni tofauti vinaelewana kwayo, kitu ambacho hata chaja za simu zilichukua miaka kukifanya.

Sasa hili la kwamba bila ukuta mzima wa mitambo huwezi. Mnaziona picha, waya za rangi zote zimening'inia kama nyavu za jarife zimeanikwa, mtu anavunjika moyo. Volca moja, sinthi ndogo ya Korg, inatembea na betri sita ndogo za kawaida, inaingia kwenye mfuko wa kanzu ukilazimisha, na bei yake haifiki robo ya bodaboda. Mi nilianza na sinthi moja, pedali moja ya kulupu, ya kurudiarudia ulichorekodi, na simu mbili za zamani, moja kioo kimepasuka. Nilifanya hivi: nikarekodi noti ndefu tatu tofauti, moja kwenye pedali ikijirudia kila sekunde 17, ya pili kwenye simu ikijirudia kila 19, ya tatu kwenye simu nyingine kila 23. Nikaziingiza zote kwenye mikisa ndogo ya kuchanganyia sauti nikaziachia. Piga hesabu, 17 mara 19 mara 23 inakupa sekunde 7429, yaani sauti zile tatu hazikutani tena kama zilivyoanza mpaka yapite masaa mawili na dakika tatu na ushei. Noti tatu tu! Na kila ukizisikiliza zimekaa kivingine, mara mbili zimegongana, mara kimya kirefu mpaka unasikia punda chini uchochoroni, halafu moja inarudi peke yake. Wala si ujanja wangu, Eno alifanya hivyo kwa kanda za sumaku za urefu tofauti miaka ya sabini, na kabla yake mtunzi Steve Reich alikuwa anachezea kanda zinazopishana tangu miaka ya sitini. Ukiwa na mitambo kumi na tano utatumia usiku mzima kutafuta kebo gani imekufa.

"Ongeza rivabu", ule mwangwi kama wa ukumbini, ndo dawa ya kila ugonjwa kwa wengi. Hapana. Rivabu juu ya besi inakupa uji, tena uji uliokaa. Kata zile sauti za chini, mi huwa nakata chini ya 200 Hz hivi, kabla ya kuingia kwenye rivabu, na acha kitu kimoja kikavu kabisa mbele ili sikio lijue mbali ni wapi na karibu ni wapi. Kama kila kitu kiko mbali basi hakuna kilicho mbali.

Haya tuje kwenye trei za mayai. Jamani trei za mayai. Sijui nani alizileta hizi lakini kila studio ya chumbani pwani hii, Malindi, Mombasa, popote, ukutani kumebandikwa trei za mayai eti zinazuia sauti. Hazizuii. Kinachozuia sauti kutoka nje ni uzito, kitu kizito na kinene, na kutokuwa na mwanya, trei ni karatasi nyepesi, inachofanya ni kupunguza kidogo zile sauti za juu chumbani, besi inapita kama haijaona kitu, na zaidi zinashika moto haraka, usisahau. Sisi wa mji wa kale tumerithi kuta za mawe ya matumbawe nene ajabu, jirani hanisikii hata nikizidisha, shida yangu ni dirisha.

Shida nyingine ya nyumba zetu ni upana. Vyumba vya zamani hapa ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazina urefu wa kuvuka zaidi, changu kina mita 2.8 hivi ukuta kwa ukuta. Sauti inayoingia nusu wimbi lake mle ndani ni kama 62 Hz, ambayo ni karibu sawasawa na noti ya B ya chini. Basi kila nikipiga hiyo B chumba kinavimba, nikidhani nimetengeneza besi ya ajabu, nikisikiliza kwa hedifoni haipo. Miezi nimetunga vitu vyenye besi nyembamba bila kujua chumba ndo kilikuwa kinanidanganya. Siku hizi napima kila kitu kwa hedifoni kwanza. Kinyume chake, kwa marafiki zangu wenye ukuta wa zidaka vile vishimo vya plasta vinatawanya sauti vizuri kuliko paneli za kununua, waliojenga walikuwa wanawazia vyombo vya kauri lakini mi nashukuru tu.

Umeme. Watu wanasikia ule mvumo wa mmmmm wanadhani sinthi ni mbovu, wanairudisha. Mara nyingi si mbovu, ni 50 Hz ya umeme wetu wa Kenya inayopenya kwa sababu vifaa viwili vimechomekwa soketi tofauti na kebo ya sauti imeviunganisha, mzunguko unajifunga kwenye ethi, ule waya wa ardhini. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, au jaribu kifaa kimoja kwa betri uone kama umekwisha. Usikate ule mguu wa ethi kwenye plagi hata ukiambiwa na nani, huo unalinda roho yako. Mi kuna usiku nilishindwa kabisa kuuondoa nikaamua kuupokea: 50 Hz iko kama senti 35, yaani kama theluthi ya hatua moja ya kinanda, juu ya noti ya G, nikaipandisha sinthi senti 35, mvumo ukaingia kwenye tuni na nikarekodi hivyo hivyo.

Na adapta kuingia tundu si dhamana kwamba ni yake. Angalia kale kamchoro ka chanya na hasi. Pedali nyingi za gitaa zinataka hasi katikati, sinthi ndogo nyingi chanya katikati, zote 9V, zote tundu linafanana. Nimeunguza dilei moja nzuri, pedali ya mwangwi, namna hiyo, moshi ulikuwa mdogo lakini harufu ilikaa siku mbili.

Lililobaki ni lile la wazee na baadhi ya vijana pia: haya mambo ya kizungu. Mwaka 1944, kabla Wafaransa hawajaanza mambo yao ya kukatakata sauti mwaka 1948, Mmisri Halim El-Dabh alibeba mashine ya kurekodi kwa waya akaenda kwenye zari, ngoma ya pepo, pale Cairo, akarekodi sauti za akina mama wakiimba kisha akaziosha kwa mwangwi mpaka maneno yakapotea ukabaki mvumo. Zari! Kitu ambacho bibi anakijua, manake ngoma za pepo hapa si hadithi. Na huyu KMRU, mwanamuziki wa sauti kama hizi anayesikilizwa Ulaya nzima ni mtoto wa Nairobi. Kisha nani hapa hajasikia zumari kwenye arusi, mtu anapuliza pumzi haikatiki, mashavu yamejaa, sauti moja ndefu inakuzunguka kichwani. Na taarabu ilishakumbatia kinanda cha umeme zamani, hakuna aliyesema ni cha kizungu.

La kumalizia ni chumvi. Kusi ikianza kuvuma vinobu vinakwaruza na jeki zinaota kijani. Usizike sinthi kwenye mchele, mchele haunyonyi unyevu wa maana, unaacha unga tu ndani. Tafuta boksi linalofunga vizuri, tia vile vipakiti vinavyokuja na viatu vipya, na ukiwa unaitumia iache na kitambaa juu kila ukiondoka. Yangu naifunika kwa leso, ilikuwa nzima nikaikata vipande viwili, kipande cha pili kiko kwenye mikisa. Bibi bado anaitafuta.